Uvuvi Huanguka Lini?

Kwa hesabu ya tani, Ziwa Victoria halijapata kutoa samaki wengi kama linavyotoa karne hii. Miaka ya 1970 ziwa zima, kwa nchi zake tatu, lilitoa kama tani 100,000 kwa mwaka. Kufikia 1990 mavuno yalikuwa yamekaribia tani 500,000, na tangu katikati ya miaka ya 2000 yamekuwa yakicheza karibu na tani milioni moja. Mama wa Shinyanga mjini anayenunua dagaa kwa sado, na mama lishe anayewapikia wachimbaji wa Nyarugusu, wote wanakula ongezeko hilo. Lakini ukishuka kwenye mwalo wa Nkome mkoani Geita, au wa Kasenda upande wa Chato, si ajabu kumsikia mvuvi akisema samaki wamekwisha.

Karatasi ya takwimu haidanganyi, na mvuvi naye hadanganyi. Kila mmoja ameshika kipimo chake. Swali la uvuvi umeanguka lini limewagonganisha wanasayansi kwa miaka mingi, na si ubishi wa vyuoni tu. Jibu lake ndilo linaloamua nyavu zipi zichomwe, mialo ipi ifungwe, na kitoweo cha watu wa bara kitatoka wapi.

Jumla inaficha

Tuanze na hizo tani. Tani milioni moja za leo si za samaki wale wale wa zamani waliozidi kuongezeka. Mwanzoni mwa karne ya ishirini samaki wa heshima ziwani alikuwa ngege, jamaa wa sato. Mwaka 1905 hivi nyavu za kisasa za kutega ziliingia upande wa Kenya. Wavu mmoja ukilala majini usiku mmoja ulitoka na makumi ya ngege. Miaka ishirini baadaye wavu kama huo ulitoka na wachache wa kuhesabika kwa vidole. Mwingereza Michael Graham alifanya uchunguzi wa kwanza wa kisayansi wa ziwa zima mwaka 1927 na 1928, akapendekeza macho ya nyavu yasipungue inchi tano, na kiwepo chombo kimoja cha kusimamia ziwa lote. Sheria ya inchi tano ilikuja, lakini kuanzia miaka ya 1950 ikafutwa. Leo ngege amebaki kwenye mabwawa na viziwa vya pembeni, kama Kanyaboli kule Kenya.

Wakafuata furu, visamaki vidogo vya rangi rangi, aina mamia kadhaa ambazo nyingi hazipatikani popote pengine duniani. Miaka ya 1970 furu walikuwa kama asilimia 80 ya uzito wa samaki wa chini ya ziwa, na Mwanza kilijengwa kiwanda cha kuwasaga kuwa chakula cha mifugo. Kuanzia 1977 watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, walikuwa kwenye Ghuba ya Mwanza wakiwahesabu. Kabla hawajamaliza kuwapa majina, sangara aliyepandikizwa ziwani tangu miaka ya 1950 akafumuka. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 furu walikuwa chini ya asilimia moja kwenye nyavu za utafiti, na mwaka 1992 Frans Witte na wenzake walikadiria kwamba aina kama 200 zilikuwa zimetoweka au zinaelekea huko.

Sangara hakuwa peke yake kwenye kosa hilo. Maji yalikuwa yamechafuka kwa mbolea, udongo na maji taka. Siku za Graham kisahani cheupe kilichoshushwa majini kilionekana hadi mita saba au nane kwenda chini. Miaka ya 1990 sehemu nyingi kilipotea machoni kabla ya mita tatu. Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake walionyesha kwamba majike wa furu huchagua dume kwa rangi yake, na penye tope rangi hazionekani, hivyo aina zikaanza kuchanganyika zenyewe kwa zenyewe.

Sangara naye alifika kilele karibu na mwaka 1990, zaidi ya tani 300,000 kwa mwaka, kisha mavuno yake yakasita na kuanza kushuka. Pengo likajazwa na dagaa, ambao sasa ni zaidi ya nusu ya uzito wote unaovuliwa. Ziwa lilikuwa limebadilisha mwili mara tatu, na jumla ya tani ilikuwa ikipanda karibu muda wote huo. Anayetazama jumla peke yake hatajua kwamba kuna kilichoanguka.

Kipimo cha mavuno

Njia nyepesi ni kuangalia aina moja moja ya samaki. Mwaka 2006 jarida la Science lilichapa utafiti ulioongozwa na Boris Worm wa Chuo Kikuu cha Dalhousie, Kanada. Walihesabu uvuvi wa samaki fulani kuwa umeanguka pale mavuno ya mwaka yanaposhuka chini ya asilimia 10 ya mavuno makubwa kuliko yote yaliyowahi kurekodiwa. Wakaurefusha mstari wa takwimu kwenda mbele na kusema kwamba, mwendo ukibaki ule ule, uvuvi wote wa baharini ungekuwa umeanguka ifikapo 2048. Magazeti ya dunia yakaubeba mwaka huo kama tarehe ya kiama.

Ray Hilborn wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, alikuja juu. Hoja yake ilikuwa kwamba mavuno hayashuki kwa sababu ya uhaba wa samaki tu. Watu wa Kanda ya Ziwa hawahitaji profesa kuwaeleza hilo. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria baada ya taarifa za wavuvi kutumia sumu. Minofu ikakosa soko, lakini samaki hawakuwa wamekufa kwa sababu Brussels imekataa kuwanunua. Mwaka 2018 serikali ya Tanzania iliendesha Operesheni Sangara, nyavu haramu zikakamatwa na kuchomwa, na wenye mitumbwi wengi wakabaki nchi kavu. Kwa kipimo cha mavuno, miezi kama hiyo husomeka kana kwamba ziwa limekauka. Kinyume chake pia hutokea: mavuno yanaweza kubaki juu miaka mingi huku samaki waliobaki wakimalizwa, mradi mitumbwi inaongezeka.

Worm na Hilborn hawakubaki kwenye kurushiana maneno. Walikaa pamoja, wakakusanya takwimu za samaki waliomo majini badala ya waliotua nchi kavu, na mwaka 2009 wakachapisha utafiti wa pamoja. Uvuvi kadhaa, waliona, ulikuwa unapona pale palipokuwa na usimamizi wa kweli. Na anguko lilipata maana nyingine: akiba ya samaki kushuka chini ya asilimia 10 ya ile ambayo ingekuwepo kama hakuna aliyewahi kutega wavu.

Mwangwi wa bondo

Kipimo hiki cha pili ni kizuri zaidi kwa sababu kinatazama kilichobaki. Ugumu wake ni kwamba kilichobaki hakionekani. Ziwa Victoria lina ukubwa wa kilomita za mraba 68,800, nusu yake ikiwa Tanzania, na kina cha wastani cha mita 40. Tangu 1999 watafiti wa nchi tatu, kwa Tanzania wakiwa ni Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi, TAFIRI, wamekuwa wakilipima kwa sauti. Meli hukata ziwa kwa mistari kutoka pwani hadi pwani, na kifaa kilichoelekezwa chini hutuma mlio mfupi usiosikika kwa sikio la mtu. Mlio ukigonga kitu hurudi. Muda wa kurudi unaonyesha kina, nguvu ya mwangwi inaonyesha ukubwa.

Nyama ya samaki, kwa kuwa inakaribiana na maji, hairudishi sauti vizuri. Kinachorudisha sehemu kubwa ya mwangwi ni ule mfuko wa hewa tumboni unaomwezesha samaki kuelea. Kwa sangara, mfuko huo ndio bondo, lile lile linalokaushwa na kusafirishwa hadi Asia ya Mashariki, ambalo kwa kilo lina bei ya juu kuliko minofu yenyewe. Mfanyabiashara na mwanasayansi wanatafuta kiungo kimoja. Mmoja anakitaka mkononi, mwingine anakitaka kibaki ndani ya samaki, kimjibu. Kwenye skrini, sangara mkubwa hutokea kama alama moja iliyopinda, na kundi la dagaa hutokea kama wingu.

Vipimo hivyo ndivyo vilivyopiga kengele. Mwaka 2005 akiba ya sangara ilikadiriwa kuwa takriban tani 750,000. Mwaka 2008 ikakadiriwa kuwa takriban tani 337,000. Imepotea zaidi ya nusu kwa miaka mitatu. Taasisi ya Uvuvi ya Ziwa Victoria, LVFO, yenye makao Jinja, ikaanza kusema hadharani kwamba sangara yuko hatarini. Baadaye vipimo vilipanda tena, na wataalamu wakagawanyika: wako wanaotupia lawama nyavu, na wako wanaosema hali ya maji, rutuba yake na oksijeni yake, ndiyo inayompandisha na kumshusha sangara.

Hata hivyo kuna fundo. Kama anguko ni kushuka chini ya asilimia 10 ya akiba ya asili, akiba ya asili ya sangara ni ipi? Mwaka 1950 hakuwepo ziwani hata mmoja. Alipofumuka alikuta meza imeandaliwa, furu kila kona, na akanenepa kwa karamu ambayo haitaandaliwa tena. Kumdai sangara wa leo alingane na wa 1985 ni kumdai alipe deni kwa chakula kilichokwisha kuliwa. Kwa hiyo wataalamu hujiuliza swali la chini zaidi: katika hali hii ya ziwa, ni akiba gani inayozaa kwa kasi kubwa kuliko zote? Kwa hesabu iliyokubalika tangu Milner Schaefer alipoiandika mwaka 1954, ni kama nusu ya akiba kamili. Juu ya hapo samaki wanabanana na kugombania chakula; chini sana ya hapo wazazi hawatoshi.

Jasho la kila kilo

Kipimo cha tatu mtu wa Geita anakijua bila kufundishwa, kwa sababu ndicho anachotumia machimboni. Mchimbaji hamwulizi mwenzake amepata gramu ngapi tu. Anauliza amezipata kwenye viroba vingapi. Duara, yaani shimo la kuchimbia, likianza kuchoka, dhahabu ya mwezi inaweza kubaki ile ile kwa muda mrefu: unaongeza vijana, unaongeza karasha za kusagia mawe, mwisho unarudi hata kwenye marudio, yaani mabaki yaliyokwisha kusagwa. Daftari la mauzo linaonyesha neema, lakini kila gramu inataka mawe mengi zaidi. Tofauti na duara ni kwamba samaki huzaana. Duara likichoka limechoka, ziwa likipumzishwa hurudisha.

Watafiti huhesabu hivyo hivyo: kilo ngapi kwa mtumbwi mmoja kwa siku moja, au kwa ndoano mia. Ndiyo maana kila baada ya muda hufanywa sensa ya mialo yote ya ziwa, kuhesabu watu, mitumbwi, injini na nyavu. Sensa ya mwaka 2000 ilikuta wavuvi kama 129,000. Katikati ya miaka ya 2010 walikuwa wamepita 200,000. Keki inaweza kuwa ile ile, lakini vipande vimekuwa vyembamba, na hapo ndipo mvuvi anaposema samaki wamekwisha. Katika ukanda huu hesabu hiyo ina kigeugeu chake, maana kijana anaweza kuvua msimu mmoja na kushuka duarani msimu unaofuata.

Kipimo hiki kina mtego, na mtego wenyewe unawaka taa. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, mwezi ukiwa haupo. Zamani zilikuwa karabai, sasa nyingi ni taa za umeme wa jua. Mwanga unawaita dagaa kutoka mbali na kuwakusanya sehemu moja, kisha wavu unawazunguka. Hata wakipungua kwa nusu ziwani, waliobaki wataendelea kukusanyika chini ya taa, na mtumbwi utarudi umejaa karibu kama jana. Ukiongeza taa kutoka tatu hadi sita, ndoo zinaweza hata kuongezeka. Kilo kwa mtumbwi hazitashuka mpaka siku ya kushuka, na siku hiyo zitaporomoka.

Kanada walilipia somo hili kwa gharama kubwa. Chewa wa Atlantiki kwenye pwani ya Newfoundland walivuliwa kwa takriban miaka 500. Miaka ya 1980 meli kubwa ziliendelea kupata samaki vizuri, na wataalamu wakaona mambo ni shwari. Kumbe waliobaki walikuwa wakijikusanya kwenye maeneo machache ya bahari, na meli zilijua pa kuwafuata. Tarehe 2 Julai 1992 serikali ilifunga uvuvi huo kwa kile kilichodhaniwa kuwa muda mfupi. Watu wapatao 30,000 walipoteza riziki, na amri ya kufunga ilidumu hadi 2024.

Rula mwaloni

Kipimo cha nne ni cha bei ndogo kuliko vyote: rula. Kwenye baadhi ya mialo wakusanyaji takwimu humlaza sangara juu ya ubao wenye alama za sentimita, pua ikigusa kibao cha mwanzo, wakasoma urefu wake hadi mwisho wa mkia. Dume wa sangara huanza kukomaa akiwa na sentimita 50 na kidogo. Jike huchelewa, wengi wakipita sentimita 70. Ndiyo sababu ikawekwa kanuni ya kuvua sangara wa kati ya sentimita 50 na 85: chini ya hapo hajazaa, juu ya hapo ni jike mzazi mwenye mayai mamilioni.

Kikapu cha samaki mia wa sentimita 35 kinaweza kuwa na uzito wa kuridhisha. Kwenye daftari la ushuru ni kilo tu. Kwenye rula ni watoto mia waliovuliwa kabla hawajazaa hata mara moja. Nyavu za timba na makokoro hazibagui, na uchunguzi wa ziwani umeonyesha mara nyingi kwamba sehemu kubwa ya sangara waliomo hawafiki sentimita 50. Urefu ukishuka mwaka hadi mwaka, anguko limeshaanza hata kama tani hazijashuka.

Rula ina faida nyingine: inatunza kumbukumbu ambayo watu hatuitunzi. Mwaka 1995 Daniel Pauly, mtaalamu wa uvuvi, alieleza jinsi kila kizazi kinavyochukua hali kiliyoikuta kuwa ndiyo ya kawaida. Kijana aliyeanza kuvua Chato mwaka 2015 anamwona sangara wa kilo tano kuwa mkubwa. Babu yake aliwabeba wawili wawili kwa mti mabegani. Bila maandishi, kila kizazi kinalizoea ziwa dogo zaidi, na hakuna anayekumbuka siku ya kuanguka.

Mstari huchorwa wakati wa shibe

Sasa tunaweza kujibu. Ngege alianguka, kwa kila kipimo. Furu walianguka, ingawa tangu miaka ya 1990 baadhi ya aina zimerudi. Sangara hajaanguka kwa kipimo cha asilimia 10 ya mavuno, lakini jasho la kila kilo limepanda na urefu umeshuka, na hizo ni dalili mbili kati ya tatu za kuaminika, ya tatu ikiwa akiba. Dagaa wanaonekana salama. Huzaa haraka na huishi muda mfupi. Ila ndio ambao vipimo vyetu vinawaona vibaya zaidi: taa inaficha upungufu wao, na wingu la mwangwi wao huchanganyika na la furu wadogo.

Kwa familia ya Shinyanga au Kahama hili si suala la mbali. Minofu ya sangara ilikwenda Ulaya, bondo likaenda Asia, na wenyeji wakabaki na mapanki, yaani vichwa na mifupa. Dagaa ndio protini ya bei nafuu iliyobaki kwa watu wa bara, na sehemu yao kubwa tayari inaingia kwenye vyakula vya kuku. Chini ya dagaa hakuna samaki mwingine wa kushika zamu.

Ziko hatua zisizongoja meli wala mlio wa sauti. Halmashauri zinazokusanya ushuru mwaloni kwa kilo zinaweza kuandika mambo matatu zaidi kwenye risiti ile ile: samaki wa aina gani, urefu wa kawaida, na mtumbwi umetumia taa na mafuta kiasi gani. Upo pia mfano wa kulinganisha: Kisiwa cha Rubondo, hifadhi ya taifa tangu 1977 ndani ya mkoa huu huu wa Geita, ambako uvuvi wa kibiashara umepigwa marufuku kwenye maji yanayokizunguka. Wavamizi hawakosekani, lakini maji ya namna hiyo ndiyo yanayoweza kutuonyesha akiba isiyovuliwa ikoje, badala ya kubishana kwa kumbukumbu za wazee.

Kubwa zaidi ni kukubaliana mapema. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaana. Uamuzi kama huo unauma, na unauma zaidi ukija kama radi. Mvuvi wa Nkome anapaswa kujua leo kwamba kilo kwa mtumbwi zikishuka hadi kiwango fulani, au urefu ukipungua sentimita kadhaa, mwalo utapumzika kwa muda unaojulikana, na ajue familia yake itaishi kwa nini wakati huo. Kanada mstari ulichorwa samaki walipokuwa wamekwisha, na kilichobaki cha kugawana kilikuwa hasara. Sisi bado tuna tani milioni moja mkononi. Wakati wa kuuchora ni huu, ambapo kila mmoja bado ana cha kupoteza na cha kuokoa.